Waliniambia Upepo Umetolewa

Nina umri wa miaka arobaini na minane, mkulima wa mihogo na korosho hapa Chole ya Kisarawe, na naishi peke yangu. Kama ningekuwa nawatazama usoni ninyi wasomaji, nisingethubutu kusema haya.

Miaka ile ya foleni za sabuni, kijiji chetu cha ujamaa kilipewa lori kuukuu lililokwisha kazi jeshini. Lilikuwa la dizeli, boneti refu, na tulilipokea kwa vigelegele. Kwenye mkutano mwenyekiti akauliza nani anayelijua gari la aina hii. Nikanyoosha mkono. Ni kweli nilipata kuwa jeshini, na huko nilifundishwa kuendesha. Lakini nikaongeza kwamba mimi ni fundi pia... Uongo mtupu! Kuanzia siku hiyo nikaitwa Fundi Rajabu, na kusema kweli nililipenda jina hilo.

Haukupita muda lori likaanza vituko. Linawaka vizuri, linakwenda kama maili mbili, linakohoa, linazima. Ukisukumasukuma ile pampu ndogo ya mkono iliyo ubavuni mwa injini, linawaka tena. Nilisafisha chujio la dizeli. Nikachungulia tangi. Nikalala chini kutafuta panapovuja, pote pakavu! Watu wakaanza kunong'ona kwamba ndani ya lori lile walikufa askari, na kwamba kuna mwenyewe, yaani pepo, anayelishika.

Kijiji kikaagiza fundi wa kweli, mzee Hamisi wa Tumbi, kule Kibaha. Siku aliyokuja mimi nilikuwa Mlandizi, nikihangaikia kibali cha dizeli. Nilijichelewesha huko makusudi, maana sikutaka mzee yule aniulize maswali mbele za watu.

Niliporudi siku ya tatu, katibu wa kijiji alinipokea kwa furaha. "Fundi kasema gari lina upepo," aliniambia. "Lakini usiwe na wasiwasi, upepo tumeshautoa."

Nikashusha pumzi. Neno hilo nililijua tangu jeshini. Hewa ikiingia kwenye mabomba ya dizeli injini hukosa chakula, na mafundi husema gari lina upepo. Huutoa kwa kulegeza skrubu na kupampu mpaka mapovu yaishe. Ningeuliza maswali mawili tu. Nani kautoa? Na ulikuwa ukiingilia wapi? Lakini fundi mzima nimuulize katibu mambo ya ufundi? Nikaitikia kwa kichwa kama mtu anayeelewa.

Lori likakaa wiki mbili bila safari. Dizeli ilipofika, pipa moja, mke wangu Mwajuma alikuwa katika siku zake za kujifungua. Tulikuwa tumeoana miaka sita na hiyo ndiyo mimba yake ya kwanza. Uchungu ulimshika alfajiri. Shangazi yake, ambaye ni mkunga, akanitoa nje akaniambia mtoto amekaa vibaya, nimuwahishe hospitali Kisarawe.

Tulimlaza nyuma ya lori juu ya magunia, shangazi akakaa naye. Niliendesha huku nikimshukuru Mungu kwamba gari ni zima. Maili mbili... likakohoa. Likazima.

Nikashuka nikaanza kupampu. Kwa hasira nikasema, kama najisemea, huyu mzee wa Tumbi alitoa upepo gani?

Mwajuma akanisikia. "Mzee wa Tumbi hakutoa kitu," alisema kwa sauti ya kuchoka. "Upepo kautoa Bi Tatu. Ulipokuwa Mlandizi tulilifukiza lori tangu asubuhi, ngoma ikapigwa. Mimi ndiye niliyeshika chetezo. Nikaomba na mimi nijifungue salama."

Bi Tatu alikuwa mganga wetu. Ndugu msomaji, hapo ndipo nilipoelewa. Fundi alisema upepo wa mabomba, kijiji kikasikia upepo wa kupungwa, yaani pepo. Na mimi, mtu pekee ambaye angeweza kuyatenganisha maneno yale, nilikuwa nimeitikia kwa kichwa!

Nilipampu mpaka viganja vikachubuka. Likawaka, likaenda kidogo, likazima. Nikaingia chini ya gari nikitafuta unyevu. Pakavu. Nikapaka kipande cha sabuni kwenye kila kiungo nilichokiona, nikapampu tena. Hakuna gari jingine lililopita. Shangazi aliacha kuniuliza tumefika wapi. Saa sita mchana Mwajuma alikuwa bado akiniita jina. Alasiri mtoto alitoka, hana uhai, na damu ikakataa kusimama. Tulikuwa hatujafika hata nusu ya njia. Nilimshika mkono mpaka ukapoa...

Wiki iliyofuata mzee Hamisi alirudi na bomba jipya, kama alivyokuwa amemwahidi katibu siku ile alipokuja. Alinionyesha ufa kwenye bomba la zamani, nyuma ya tangi, chini ya kibano. "Hapa huoni hata tone," alisema. "Pampu inavuta, kwa hiyo ufa hautoi dizeli, unaingiza hewa. Ungefunga kipande cha mpira wa baiskeli ungefika. Niliacha maagizo gari lisiende mbali. Hukuambiwa?"

Nikamwambia sikuambiwa. Akafunga bomba lake akaenda zake, hakujua habari za ngoma.

Sasa nasema lile lililonifanya niandike. Kijiji kilisema Bi Tatu aliuchokoza upepo akashindwa kuutuliza, nao ukamchukua Mwajuma. Wakwe zangu waliapa hawatapita mlangoni kwake. Akina mama wakaacha kumpelekea watoto, kisimani wakampisha. Nami nilikuwa najua juu ya ule ufa, nilikuwa nimeushika kwa kidole! Nikanyamaza. Kusema ufa ni kusema kwamba mimi si fundi.

Bi Tatu alihamia Kurui kwa mwanawe. Miaka mingi baadaye nilimkuta huko, macho hayaoni vizuri. Nilimwamkia shikamoo, akaitika marahaba, akaitambua sauti yangu. Akanishika mkono akaniuliza taratibu, "Mwanangu, nilikosea wapi siku ile?"

Nilimjibu sijui. Mwezi uliofuata nikasikia amezikwa.

Ndugu zangu, ukiambiwa kazi imefanyika, uliza imefanywa na nani, na kwa namna gani. Ukionekana mjinga, basi uonekane. Na kama yupo mtu anayebeba lawama yako, nenda kamtue leo, angali anauliza. Mimi sina tena wa kumjibu.