Nguzo za Kibo

Nguzo-pima sitini zilizochomekwa kando ya njia ya Kibo ziliisoma theluji tabaka kwa tabaka, kisha zikatangaza kwa pamoja: "Hatari daraja la kwanza, ndogo kabisa. Piteni."

Tangu vinyunyizio vya mawingu virudishe theluji mlimani, kulikuwa na jambo ambalo mababu hawakulijua: mteremko mzima ungeweza kuporomoka na kufukia watu. Nguzo ziliwekwa ili zitoe onyo.

Hata hivyo, wapagazi ishirini walikuwa wameketi juu ya mizigo yao.

"Kaka Ndewario, hii mara ya tatu mnakataa kupita!" Injinia Aikande alifoka. "Mashine imesema piteni. Mnataka iwaimbie?"

Ndewario, kiongozi wao, alichomeka fimbo mteremkoni. Ikazama hadi kiganjani. "Juu pagumu, injinia. Chini sukari tupu. Sukari haibebi mtu."

"Nguzo inasema pagumu hadi chini!"

"Basi itangulie yenyewe."

Wapagazi wakacheka. Aikande akasonya, akanyakua sepetu, akachimba ubavuni mwa nguzo iliyokuwa karibu. Theluji ilikuwa ngumu kama saruji.

"Mmeona?"

"Hebu sogea hatua tano," Ndewario alisema.

Akasogea, akachimba kwa hasira. Sepetu ikadidimia, na punje kavu zikamwagika shimoni kama mchanga. Akageuka kuitazama nguzo. Ilikuwa imezungukwa na nyayo na maganda ya karanga.

"Nani amekanyaga hapa?"

Sifaeli, mpagazi aliyejifunga matambara mikononi, akasema, "Sisi, dada. Betri yake ina joto. Kila tukipita tunasimama hapo kupasha vidole. Kila nguzo."

"Na hamkusema!"

"Ungetukataza. Glovu tuliomba tangu mwaka juzi."

Angewakataza kweli. Mwezi uliopita, siku nguzo zilipotangaza daraja la kwanza, theluji ilimfukia mwenzao Anaeli. Ripoti ilisema alizembea, akaiacha njia. Sahihi ilikuwa ya Aikande.

Redio ikakoroma kutoka kambini. "Injinia, mbona msafara umesimama? Mashine imeruhusu."

"Mashine imepima theluji iliyoshindiliwa na miguu, mahali watu wetu wanapoota moto," Aikande alijibu. "Tunarudi. Na faili la Anaeli litoeni kabatini. Mama yake aitwe. Nitaliandika upya mbele yake."