Waambie Niko Hai

Kila jioni Kidoti alipiga pasi sare yake ya shule pamoja na sketi ya mama yake. Mama alikuwa mpigachapa wizarani. Siku hizo alisubiri kuhamishiwa masjala ya siri, chumba chenye mlango wa chuma ambako majalada ya serikali husomwa na watu wachache tu. Kabla ya kukubaliwa, ilibidi achunguzwe, yeye na ndugu zake.

Afisa wa upekuzi alifika jioni moja Kidoti akiwa bado anapiga pasi. Alikuwa mwanamke wa makamo, mpole, asiye na haraka. Aliuliza habari za kazi, za majirani, kisha akasema, "Una ndugu wangapi?"

"Nilikuwa na kaka mmoja," mama alijibu. "Alifariki."

Kidoti aliganda. Jumamosi iliyopita walikuwa wamempelekea mjomba sabuni gerezani, alikofungwa kwa kuiba nyaya za umeme. Aliposhtuka, sketi ilikuwa inaungua.

Afisa alipoondoka, mama hakumgombeza. Alisema tu, "Haya ni mambo ya watu wazima. Funga mdomo."

Walipokwenda tena gerezani, Kidoti alishindwa kumtazama mjomba wake.

"Vipi, mpwa wangu? Leo hata shikamoo imekuwa nzito?"

Machozi yalimtoka. "Mama amewaambia watu wa serikali kwamba umekufa."

Mjomba alimgeukia mama. "Dada, wizi niliufanya mwenyewe, na kifungo nakitumikia. Lakini usinizike. Kawaambie niko hai."

Mama alilia njia nzima. Jumatatu alikwenda ofisini kwa yule afisa, akiwa na Kidoti kwa kuwa shule zilikuwa zimeshafungwa, akamweleza kwamba kaka yake yu hai, yuko gerezani.

"Habari za kaka yako nilizijua kabla sijafika kwako," afisa alisema. "Kuwa na ndugu gerezani si kosa, wala hakumzuii mtu kupewa kazi hii. Tunachoogopa ni kuficha. Mtu akijua unachoficha, atakuja kukwambia: nipe lile jalada, la sivyo nitakuumbua. Utafanyaje?"

Afisa alilifunga jalada la mama.

"Masjala umeikosa. Kwa kuwa umekuja mwenyewe, utabaki na kazi yako ya zamani."

Kwenye ngazi, mama alimshika Kidoti bega. "Nilidhani siri za serikali hupewa mtu ambaye kwao hakuna doa. Kumbe hupewa anayeweza kusema ukweli hata ukimwaibisha. Mimi nilimuua ndugu yangu kwa maneno, kwa ajili ya cheo. Usije ukafanya hivyo, mwanangu."

Chini walikutana na mpigachapa mwenzake akipanda. "Vipi, masjala umeipata?"

"Nimeikosa," mama alisema, bila kushusha sauti. "Nilidanganya kuhusu kaka yangu. Yuko gerezani."