Tundu Jipya la Amplifaya

Rafiki yangu fundi redio si mtu wa porojo, ndiyo maana hili nalisimulia bila kulitia chumvi. Mjane mmoja alimpelekea amplifaya ya gitaa ya marehemu mumewe, ile ya kizamani yenye taa za kioo, aitoboe tundu la kupeleka sauti moja kwa moja kwenye kinasa.

"Mwanangu anataka kurekodi," alisema yule mama. "Baba yake hakutaka iguswe."

"Usijali, mama. Lawama nitabeba mimi."

Fundi huyu ana mwiko mmoja: hatii mkono ndani ya chombo kabla hajaichomoa plagi na kuitia mfukoni, maana umeme hauna shemeji. Alitoboa, akalehemu, akachomeka hedifoni kwenye tundu jipya. Gitaa halikuwepo, lakini alisikia mtu anakaza nyuzi, mmoja baada ya mwingine, bila haraka. Akadhani imenasa redio ya jirani. Akazima taa ya chumba aone kama zile za kioo zinawaka sawasawa.

Giza tupu. Hakuna iliyowaka hata moja.

Masikioni nyuzi zikanyamaza, mtu akakohoa. Fundi akapapasa mfukoni. Plagi bado ilikuwa humo.