Uongo Kuhusu Asili ya "Take"

Kila Ijumaa baada ya mapumziko, wanafunzi wa Bi. Ormerod mjini Malton, Uingereza, hueleza asili ya maneno, wawili wawili. Siku hiyo ilikuwa zamu ya Hetty na Rowan. Kitenzi chao kilikuwa "take", yaani kuchukua, na maelezo bora yangetundikwa katika maktaba ya mji.

Hetty alikuwa amesoma Jumamosi nzima huku Rowan akicheza mpira. Hata hivyo, Rowan ndiye aliyewahi kusimama.

"Maharamia wa Denmark walipovamia hapa Yorkshire," alisema, "walipiga kelele 'Te! Te!' wakibeba kondoo. Ndipo watu wakaanza kusema 'take'."

Darasa likacheka na kupiga makofi.

"Mmeipata wapi hiyo?" Bi. Ormerod aliuliza.

"Kitabuni, Mwalimu. Muulize Hetty."

Uso wa Hetty ukawaka. "Mwongo we," alinong'ona.

"Nyamaza bwana, tumeshashinda. Hutaki tutundikwe?"

Alitaka. Bibi yake alikuwa ameahidi kwenda kuona. Alitaka mno, na hilo lilimzidishia hasira. Akasimama.

"Hakuna kitabu, Mwalimu. Ameitunga sasa hivi."

"Msaliti," mtu alisema nyuma.

"Niiteni mnavyotaka." Hetty alibaki amesimama. "Watu wa Denmark hawakupora tu. Walihamia hapa, wakalima, wakaoana na wenyeji. Neno lao la kuchukua, 'taka', lililomaanisha pia kugusa, ndilo lililozaa 'take'. Waingereza walikuwa na lao, 'niman'. Likafa polepole, ila limebaki ndani ya 'numb', kufa ganzi. Maana yake ni kilichochukuliwa."

 Wilf, golikipa, akauliza, "Kwa hiyo vidole vyangu vikifa ganzi golini, vimechukuliwa? Na nani?"

"Na baridi, kichwa maji," Rowan alijibu. Mara akainamisha uso. "Samahani, Hetty. Yako ni tamu kuliko yangu."

"Basi kesho mtakwenda nyote wawili maktabani kuandika maelezo ya kutundikwa," alisema Bi. Ormerod. "Rowan, jina lako litaandikwa ukishafanya kazi."

Akamgeukia Hetty. "Hasira yako ni ya haki. Uongo unaochekesha husambaa haraka, na anayeujua ukweli akinyamaza, ameusaidia. Maneno haya tumeachiwa na watu walioishi kweli, wakachoka, wakapendana. Tusiwazushie."