Mchezo Nimelipa

Kila nikirudi kutoka shuleni, kazi yangu ya kwanza ilikuwa kumtungia mama uzi kwenye sindano. Mama yangu, Mwatima, ni Mpemba, na anashona kofia za viua, zile zenye vitundu vidogo vinavyozungushiwa uzi kimoja kimoja. Kofia moja humchukua miezi miwili. Macho yake yamechoka, ndiyo maana hata simu yake niliishika mimi. Namba ya siri niliijua, salio nilimsomea, na pesa nilimtumia. Katika nyumba yetu ya Ngamiani hakuna aliyenihoji. Nayasema haya mapema ili msinihurumie.

Rahimu, tunayesoma naye darasa la sita, ndiye aliyenionyesha mchezo wa mashujaa wa mtandaoni. Unapewa shujaa wako na pointi hamsini, unazigawa upendavyo: nguvu, mbio au akili. Kisha unakwenda kupigana na mashujaa wa watu wengine. Mimi zote nilizimwaga kwenye nguvu. Shujaa wangu akawa mzito kama gunia la chumvi, akapigwa na kila aliyepita.

"Umekosea kugawa," Rahimu alinicheka. "Fumua, ugawe upya."

Kufumua mara ya kwanza ni bure. Baada ya hapo unalipa lulu, na lulu zinanunuliwa kwa pesa za simu. Hapa ndipo damu inaponichemka mpaka leo. Mchezo ule haukuambii ugawaji upi ni mzuri, wala hauna mahali pa kujaribia. Unajaribu kwa kulipa, na kila ukifumua bei inakuwa mara mbili ya ile iliyotangulia. Waliotengeneza kitu kile walijua kabisa kwamba mtoto atakosea, wakakaa mlangoni kumsubiri.

Ijumaa moja mama aliniita. "Nasima, toa elfu thelathini ya mchezo, umtumie Bi Harusi. Zamu hii yake."

Mchezo wa mama haukuwa wa simu. Ni ule wa wanawake kumi wa mtaani kwetu, wanaochanga kila mwezi na kumpa mmoja wao zote, kwa zamu. Bi Harusi, jirani yetu na shoga wa mama, alikuwa amesubiri miezi tisa ili avute maji nyumbani kwake. Fundi alishachimba mtaro kutoka barabarani hadi mlangoni. Yalibaki mabomba.

Nilichukua simu nikaenda kukaa uani. Ile ya bure nilishaitumia, nikataka kufumua mara moja tu, kwa elfu mbili. Nikaweka pointi zote kwenye mbio, shujaa akafa haraka zaidi. Elfu nne, nusu nguvu, nusu mbio. Elfu nane, akili. Elfu kumi na sita, nikarudi kwenye nguvu, pale pale nilipoanzia. Salio likaisha kabla ya adhana ya magharibi.

"Mchezo umelipa?" mama aliniuliza kutoka barazani.

"Nimelipa, mama."

Nilijiambia kwamba sikusema uongo, maana mchezo nilikuwa nimelipa kweli. Nilijificha ndani ya neno hilo nikajiona mjanja. Kwa hilo najichukia zaidi, kuliko hata kwa zile pesa.

Asubuhi Bi Harusi alikuja. Hakuingia ndani, alisimama kwenye ngazi.

"Mama Nasima, wenzio wote wamenitumia jana. Wa kwako mchango sijauona, na fundi ananisubiri."

"Nimeshautuma. Tazama simu yako vizuri."

"Nimetazama. Hata salio nimeuliza."

Mama aliweka kofia chini. "Basi mie mwizi? Miaka kumi na miwili tunacheza, Harusi, lini nimechelewa? Katuma Nasima, na mwanangu hasemi uongo. Kama pesa umeshazila, sema. Usinivunjie heshima mlangoni kwangu."

Fundi alikuwa mtaroni anasikia, na majirani wawili walishasimama.

"Leo mie ndo muongo," Bi Harusi alisema taratibu. "Haya." Akageuka.

Mimi nilikuwa nyuma ya pazia, hasira zimenijaa. Nilimkasirikia Rahimu. Niliukasirikia mchezo. Nilimkasirikia hata Bi Harusi kwa kuja. Kisha nikamwona anauvuka mtaro wake mwenyewe, kanga imemdondoka begani, na hakuiokota. Sikubakiwa na mtu mwingine wa kumkasirikia ila mimi.

Nilitoka. "Bi Harusi hasemi uongo, mama. Nililipa mchezo mwingine. Wa simu."

Mama hakuelewa. Ilibidi nieleze yote pale barazani, mbele ya fundi na majirani: shujaa, lulu, kufumua. Nilipofika kwenye elfu kumi na sita aliinua mkono, nami nikafumba macho. Kofi halikuja. Aliingia ndani akatoka na kofia aliyoimaliza wiki ile, iliyoagizwa kwa elfu sabini na Bwana Badr wa Pongwe kwa siku ya ndoa yake, iliyobakiza miezi minne.

"Vaa mtandio," alisema. "Tunakwenda kuiuza."

Mwenye duka la kofia sokoni aliona tuna haraka, akatoa elfu thelathini na tano. Mama hakubishana. Nilitamani kumpokonya yule mtu ile kofia, miezi miwili ya macho ya mama, lakini ningemwambia nini?

Tukaenda moja kwa moja kwa Bi Harusi. Mama aliwaita fundi na majirani wale wale. "Nimekutukana mbele yao," alisema, "na radhi nakuomba mbele yao."

"Shikamoo, Bi Harusi," nikasema. "Nisamehe."

"Marahaba. Pesa ningezisubiri, hata mwezi," alinijibu kwa ukali. "Lakini ulimwacha mamako anitukane, nawe unasikia." Hata hivyo alizipokea, akamshika mama mkono, na Jumatatu maji yakatoka nyumbani kwake.

Jumatatu hiyo hiyo mama alinipa kitambaa chakavu nijifunzie, kabla ya kile cha kofia nyingine ya Badr. Viua vyote vya kofia hiyo ningetoboa mimi. Kiua cha tatu nilikikosea.

"Fumua," mama alisema. Nikafumua. "Umelipa nini?"

"Sijalipa kitu, mama."

"Basi sikiliza. Anayekufunza kazi hukupa kitambaa chakavu ukosee bure, hata mkono ujue. Anayekuuzia makosa yako, huyo anaomba ukosee. Na jingine. Uzi unafumuka, Nasima. Ile 'nimelipa' yako haifumuki. Harusi kanisamehe, na bado nikipita mlangoni kwake nainamisha uso. Ukiulizwa jambo, jibu lile uliloulizwa, si lile linalokufaa weye."

Nilimaliza kutoboa viua vya kofia ile baada ya wiki sita, na vidole vyangu vilijua kila kimoja. Mchezo nilishaufuta. Mama naye amebadilisha namba ya siri. Hajaniambia mpya, nami sijamuuliza.