Kitabu cha Theluji cha Nathanael

Ukurasa wa sabini na tatu ulikuwa umelowa, na Jackline hakuwa na maji karibu. Ilikuwa saa nane mchana, mwezi wa Februari, jua la Sekei limepasha mabati mpaka yanalia. Alipogusa ule unyevu, vidole vilikufa ganzi.

Kilikuwa kitabu cha mdogo wake, Nathanael: mkusanyiko wa hadithi, mashairi na barua, vyote vya majira ya baridi. Alikituma kutoka Finland, alikokuwa anasomea misitu, na pembeni mwa kurasa ameandika vimaneno vya penseli. Kisha Novemba alitoka kutembea, theluji ikamfunika, na mwili haukupatikana. Kule kijijini Poli ukoo ulizika mgomba badala yake, pamoja na kila kitu chake kilichokuwamo nyumbani, ili asiwe na sababu ya kurudi. Jackline alikificha kitabu. Kilikuwa na mwandiko wa mdogo wake.

Vimaneno hivyo viliishia ukurasa wa sabini. Alikuwa na hakika, alishavihesabu. Lakini sasa, chini ya shairi la ziwa lililoganda, penseli ilikuwa imeandika: *Dada, soma kwa sauti.*

Akasoma. Alisoma siku ile na siku tatu zilizofuata, akilia kwa furaha asiyoweza kumweleza mtu, na kila alipofungua mdomo pumzi ilitoka kama moshi, na chumba kilinuka kama friji lililofungwa muda mrefu, na koridoni nyayo zilipita zikisaga kitu kama chumvi ya mawe, zikaupita mlango wake, zikaingia chumbani kwa Mama, zisitoke.

Mama alilala chini ya mablanketi matatu. Kucha zake zilikuwa za bluu.

Siku ya tano akaja baba yao mdogo, Kaanaeli, mzee wa kanisa.

"Shikamoo, baba mdogo."

"Marahaba. Mbona humu ndani kama bucha?" Alicheka, kisha akamwona shemeji yake, kicheko kikakatika. Akamvuta Jackline pembeni. "Niambie ukweli, mwanangu. Kila chake kiliingia kaburini?"

Jackline akainamisha kichwa.

"Basi umeliachia jini kiti cha marehemu," akanong'ona.

"Ni mwandiko wake, baba mdogo. Ananiita dada."

"Na Nathanael wetu angemgandisha mama yake?"

Jioni ileile, kule Poli, wakafukua ubavu wa kaburi mpaka mgomba uliooza ukaonekana. Jackline alikifungua kitabu mara ya mwisho. Kurasa zote zilizobaki, pembeni, juu, katikati ya mistari, zilijaa maneno yaleyale: *Baridi, dada. Baridi, dada.* Mikono ilikataa kuachia. Kaanaeli alisali mpaka ikaachia, wakakifukia.

Waliporudi Sekei, nyumba ilikuwa na joto. Mama alikuwa ameketi kitandani, mablanketi yako sakafuni, jasho na machozi vinamtiririka.

"Umepona, Mama!"

"Umemfukuza." Mama alisema polepole. "Alikuwa anajilaza mgongoni kwangu, kama alipokuwa mtoto. Unadhani sikujua ananimaliza, Jack? Nani alikwambia nataka kupona?"

Jackline akapiga magoti, akamkumbatia. Mama hakuinua mikono. Alikuwa akitazama udongo mweusi kwenye viatu vya binti yake.

"Mmemfukia upande gani?" akauliza.