Mistari Miwili Kwenye Umande

Je, mtu anaweza kumpa ndugu yake kitu kwa moyo wote na kwa nguvu zote, na bado kisimfikie? Jibu bado hatuna. Twende kwanza kwenye chumba cha kuokea mikate, tukawaone ndugu wenyewe.

Chumba kilikuwa kirefu na chenye joto. Upande mmoja palikuwa na meza ya kukandia, nyeupe kwa unga. Upande wa pili palikuwa na tanuri. Alfajiri, mwanga ulipoingia dirishani, vumbi la unga lilielea hewani taratibu, likang'aa, kana kwamba halikuwa na haraka ya kutua. Ndani ya vumbi hilo walifanya kazi watu watatu: mama mwokaji na binti zake wawili.

Binti mkubwa alikuwa na mabega mapana na mikono yenye nguvu. Wenzake uwanjani walimwita Radi. Mdogo wake alikuwa mwembamba na mwepesi wa miguu. Huyo walimwita Unyoya. Majina hayo yalikuwa yamewaganda, hata mama yao akayazoea.

Radi alikata madonge na kuyapanga kwenye trei. Trei ilipojaa, aliinyanyua na kuisukuma upande wake wa kushoto bila kugeuza kichwa.

"Shika!"

Unyoya alikuwapo. Sikuzote alikuwapo. Aliipokea trei na kuiingiza tanurini. Radi tayari alikuwa anakata madonge mengine.

"Ninyi wawili mna macho kisogoni," mama alisema kwa fahari.

"Mimi sina, mama," Unyoya alijibu. "Mimi nina hofu tu ya kuangukiwa na trei mguuni."

Wakacheka wote watatu, na mikate ikaendelea kuumuka.

Uwanjani hakukuwa na kicheko. Ndugu hao walichezea timu ya wanawake ya mtaa wao, timu ya mpira wa magongo. Katika mchezo huo kila mchezaji hushika gongo lililopinda mwishoni. Kwa gongo hilo husukuma au hupiga mpira mdogo, mgumu, unaobingirika ardhini. Radi alikuwa nahodha na alicheza katikati. Unyoya alicheza pembeni, kushoto. Kazi ya Radi ilikuwa kumpa mdogo wake pasi. Kazi ya Unyoya ilikuwa kukimbia na mpira kuelekea goli.

Lakini pasi hazikufika. Mpira ulimpita Unyoya kwa nyuma. Mara nyingine uligonga gongo lake na kuruka kama panzi. Timu ilifungwa, kisha ikafungwa tena.

"Umelala?" Radi alifoka. "Nimekupa mpira mzuri namna ile!"

"Umenipa, dada, au umenitupia?"

"Una mikono ya jiwe wewe!"

Unyoya alitazama mikono yake.

Siku hiyo kocha alimwita Radi pembeni. Kocha alikuwa mwanamke wa maneno machache.

"Nahodha, nina mchezaji mwingine wa kushoto. Hana mbio za mdogo wako, lakini mpira haumpotei. Mechi ya kombe inakuja, na wewe ndiye unayecheza naye karibu. Jumapili, mbele ya timu, utaniambia nani anaanza."

Unyoya alikuwa ameupenda mchezo huu tangu gongo lilipokuwa refu kumzidi. Leo nafasi yake ilikuwa mdomoni mwa dada yake.

Walirudi nyumbani wakitembea pamoja, kila mmoja na lake.

"Najua alichokuambia," Unyoya alisema hatimaye. "Usijisumbue, dada. Nitarudi kwenye unga. Unga haunikimbii."

Alisema akitabasamu. Lakini walipofika, alilichukua gongo lake akalisimamisha nyuma ya magunia, mahali ambapo mtu hafiki ila anapofagia.

Mchana, baada ya kazi, Radi alijilaza. Usingizi ulimchukua juujuu, kama upepo unavyochukua pazia. Akaota yuko kwenye uwanja mweupe usio na mipaka. Mdogo wake alikuwa mbali, akikimbia bila kutoa sauti. Radi alisukuma mpira. Mpira ukaenda polepole, vizuri, ukiimba kidogo. Ukafika mahali palipokuwa na nyayo. Nyayo tu. Mtu hakuwapo.

Aliamka.

Jioni jirani yao alikuja kununua mkate. Alikuwa muuguzi wa zahanati. Alipokuwa chuoni alicheza mpira wa magongo, na baadaye aliwafundisha wasichana wengi.

"Kilichopoa leo ni mkate au ni wewe?" aliuliza.

Radi alimwaga yote. Muuguzi alisikiliza huku akibonyeza mkate kwa kidole, kama anayepima homa.

"Mgonjwa hatibiwi kwa kusimuliwa," alisema. "Kesho si siku yenu ya kuoka. Njooni uwanjani asubuhi, jua halijawa kali. Wote wawili."

"Shangazi, mwenzangu amesema basi."

"Mwambie namhitaji. Sijasema kwa kazi gani. Akija atajua."

Asubuhi uwanja ulikuwa umelala chini ya umande. Nyasi zilikuwa za kijivu, kama shuka lililotandikwa na mtu mwenye mikono mipole. Ukungu ulikuwa umeyafuta magoli yote mawili.

"Dada," Unyoya alinong'ona, "tupo duniani kweli?"

"Tupo. Huoni viatu vyangu vinavyovuja?"

Muuguzi alikuja na magongo yake mawili ya zamani, akampa Unyoya moja, akawaambia wacheze kama wanavyocheza siku zote. Unyoya akimbie kushoto, Radi ampe pasi. Radi alipiga. Mpira ukampita mwenzake nyuma. Akapiga tena. Na tena. Muuguzi hakusahihisha kitu. Kisha akainua mkono.

"Simameni. Njooni mtazame, lakini msikanyage."

Mpira ulikuwa umefuta umande kila ulikopita, ukaacha mistari myeusi kwenye nyasi. Miguu ya Unyoya nayo ilikuwa imeacha mistari yake. Mistari ya mpira yote ilielekea mahali pamoja, kama njia za kwenda kisimani. Mistari ya miguu ilipita pale, ikaenda mbele, ikapotelea kwenye ukungu. Pale mpira ulipofika, Unyoya alikuwa ameshaondoka.

"Radi, pale mpira unapokwenda pana nini?" muuguzi aliuliza.

"Hapana kitu."

Unyoya aliutazama ule mstari kwa muda. Kisha akaja polepole, akasimama kushoto kwa dada yake, akanyoosha mikono kama anayepokea trei.

"Pana mimi," alisema. "Ni upande uleule, dada. Hapa kushoto kwako, nyuma kidogo. Ndipo ninaposimama kwenye tanuri."

Tone la umande lilidondoka kutoka kwenye gongo.

"Unapotoa pasi, unatazama nini?" muuguzi aliuliza kwa upole.

"Mpira."

"Na nini tena?"

"Mpira tu. Mdogo wangu sina haja ya kumtazama. Najua alipo."

"Unajua alipokuwa," muuguzi alisema. "Jikoni mmefundishana kufanya kazi bila kutazamana, na huko mmefaulu, kwa sababu tanuri halihami. Hapa mwenzako anahama. Mazoea hayo mema ya nyumbani yanawaponza uwanjani."

Radi alikaa chini kwenye nyasi, umande ukamlowesha nguo.

"Na mimi nikamwita mikono ya jiwe."

"Nilikuamini, dada," Unyoya alisema. "Nilikuwa naiosha hii mikono nikiitazama."

"Inukeni," alisema muuguzi. "Machozi hayajawahi kufundisha pasi. Tuanze na macho."

Zoezi la kwanza lilikuwa rahisi. Unyoya alisimama mbele ya Radi, akaonyesha vidole. Radi alitakiwa autazame mpira, ainue macho, ataje idadi ya vidole, ndipo atoe pasi.

"Viwili!" Radi aliita, akatoa. "Vinne!" Akatoa. Kisha akasita. "Masikio? Unavuta masikio? Ni upuuzi gani huo?"

"Lakini umeuona!" Unyoya alisema akicheka.

"Kicheko ruksa," muuguzi alisema. "Kutoa bila kutazama ndiyo marufuku."

Zoezi la pili lilikuwa la kusukuma. Muuguzi aliweka makopo mawili kuwa lango, pasi ipite katikati.

"Kwa umbali mfupi hatuhitaji radi," alisema. "Mkono wa kushoto juu ya gongo, wa kulia chini kidogo. Simama ubavu, bega la kushoto lielekee unakotaka mpira uende. Mpira uwe karibu na mguu wa mbele. Usiinue gongo nyuma. Ligusishe mpira kwanza, kisha sukuma. Uzito wa mwili utoke mguu wa nyuma uje mguu wa mbele. Mwisho, gongo lionyeshe mpira njia. Ukisikia 'pa!', umepiga. Ukisikia 'shii', umesukuma."

"Pa!" gongo lilisema.

"Hiyo ni pa."

"Nimesikia, shangazi."

"Pa!"

"Kopo limekufa, maskini," Unyoya alisema, akaenda kulisimamisha.

Baadaye sana, katika ule ukimya wa ukungu, ikasikika. Shii. Mpira ulipita katikati ya makopo kama mtu anayeingia chumba cha mtoto aliyelala.

"Sasa wewe," muuguzi alimgeukia Unyoya. "Mikono yako si jiwe, lakini inaogopa. Weka gongo chini mapema, usingoje mpira ufike. Shika kwa ulaini. Mpira unapogusa, rudisha gongo nyuma kidogo uufuate. Ukikaza mkono, utaruka. Mtoto mchanga hapokewi kwa kunyakuliwa."

Zoezi la tatu lilikuwa la mwendo. Unyoya alikimbia. Radi aliinua macho, akapeleka mpira mbele ya mdogo wake, si mguuni pake, ili mbio na mpira vikutane. Kisha muuguzi naye akaingia, wakawa pembetatu. Kila aliyetoa pasi alikimbilia nafasi mpya, hakusimama kujisifu.

Umande ulipokuwa unakaribia kukauka, wakatazama tena chini. Kwenye nyasi palikuwa na mstari wa mpira na mstari wa miguu. Ilitoka pande mbili tofauti, ikakutana, ikaendelea pamoja.

Asubuhi moja haimfanyi mtu fundi. Walirudi uwanjani kila siku baada ya mikate kutoka. Siku nyingine Radi alisahau, akatoa pasi kichwa chini, na Unyoya akamwonyesha mikono mitupu. Hata jikoni mambo yalibadilika. Radi alianza kugeuka kabla ya kutoa trei.

"Uko tayari?"

"Niko tayari."

"Siku hizi mnabishiana hodi?" mama aliuliza. "Mikate itazeekea mezani!" Lakini alimwona mwanawe mdogo akilitoa gongo lake nyuma ya magunia na kulipangusa unga. Akageukia tanuri, asimwonyeshe uso.

Jumapili timu ilikutana. Kocha aliwagawa wachezaji pande mbili wacheze wenyewe kwa wenyewe. Mwanga wa asubuhi ulikuwa laini. Sauti zilisikika kana kwamba zinatoka mbali.

Pasi ya kwanza ya Radi ilinaswa na mpinzani. Maneno makali yalimfika kwenye ulimi, akayameza.

"Nimechelewa kukuona," alimwambia mdogo wake. "Kimbia tena."

Unyoya alikimbia tena. Radi aliinua macho. Alimwona: kisigino kikiachana na nyasi, gongo tayari liko chini, uso umegeuka kumtafuta. Akasukuma mpira mbele yake. Shii. Unyoya aliupokea bila kupunguza mwendo, akampita beki mmoja, akaingia kwenye nusu duara iliyochorwa mbele ya goli, akafunga. Baadaye Radi alimpa pasi nyingine iliyomfikia, na nyingine tena.

Kocha alipuliza filimbi. Wachezaji wakakaa chini wakipepea nyuso zao. Yule mchezaji mwingine wa kushoto alikuwa miongoni mwao, ametulia, anangoja. Unyoya alikuwa anang'oa nyasi moja moja.

"Nahodha," kocha alisema, "nani anaanza kushoto?"

Radi alisimama. Kwanza alimtazama yule mchezaji mwingine, kwa maana alistahili kutazamwa anapoambiwa. Kisha akamtazama mdogo wake. Kisha akaitazama timu yote.

"Anaanza Unyoya," alisema. "Si kwa sababu ni mdogo wangu. Ni kwa sababu alikuwa anafika mahali sahihi, na mimi nilikuwa napeleka mpira mahali pasipo na mtu. Na siku ya mechi, Kocha, nikirudia kutoa pasi bila kutazama, usimtoe yeye. Nitoe mimi."